Majahazi Yaliyokataa Kusafiri

Mwaka 2005 nilikuwa Mombasa, katika chumba cha nyuma ya duka la shangazi yangu pale Kibokoni, nikitengeneza mchezo wa kompyuta wa kuwafundisha watoto majina ya vyombo vya baharini. Nilitumia Flash MX 2004, programu ya kutengenezea michoro inayotembea, na lugha yake ya kuandikia amri, ActionScript 2.0. Klasi mama, yaani kiolezo kinachoeleza tabia za vitu vya aina moja, niliiita Chombo, na kutoka kwake zikarithi Jahazi, Mashua na Ngalawa. Mpaka leo naupenda mpango ule, kwa sababu lugha yetu ilikuwa imekwisha kuupanga kabla yangu.

Vyombo sikutaka kuvibandika kimoja kimoja kwenye jukwaa. Nilitaka vizaliwe mchezo ukiendelea, kwa amri ya attachMovie, kila kimoja na mwendo wake. Awali vyote vilizaliwa kwenye tabaka moja, kila kipya kikimfuta mwenzake, nikabaki na ngalawa moja tu. Hilo halikunisumbua sana.

Kilichonikesha ni majahazi. Amri ile hurudisha kitu cha aina ya jumla tu, MovieClip, nami kigeu changu, yaani jina la kukihifadhia kitu hicho, nilikitangaza kuwa cha aina ya Jahazi, kwa hiyo programu ikakataa. Nikazungushia jina la klasi, Jahazi(...), ili kitu hicho kihesabiwe kuwa Jahazi, ikakubali. Nikaendesha mchezo. Mashua zikaenda, ngalawa zikaenda. Majahazi manne yakajitokeza na matanga yake, yakasimama tuli kama yametia nanga.

Wala hapakuwa na onyo lolote. Ukikiamuru kitu kisichokuwepo kifanye jambo, lugha ile hupita kimya, na kimya hicho ni kibaya kuliko kosa lenye maandishi mekundu. Nikaweka trace, amri ya kuonyesha kilichomo ndani ya kigeu, chini ya mstari ule. Dirisha la matokeo likajibu null, yaani hakuna kitu, mara nne. Majahazi nayaona kwa macho yangu, na programu yasema hakuna jahazi hata moja!

Karibu saa nane za usiku nikakumbuka. Alasiri nilikuwa nimechora jahazi upya, mlingoti ukiwa umeinamia mbele kidogo, nikalifuta lile la zamani kwenye maktaba ya faili. Nikabofya kitufe cha kulia juu ya mchoro mpya, nikafungua kisanduku cha Linkage, kinachounganisha mchoro na klasi yake. Utambulisho, "jahazi", nilikuwa nimeujaza. Nafasi ya klasi, chini yake, ilikuwa tupu. Basi kilichokuwa kikizaliwa ni picha yenye jina la jahazi, isiyojua kwamba yeye ni Jahazi. Nikaandika neno lile moja, herufi kubwa mwanzoni. Yakang'oa nanga yote manne, nami nikapiga kelele hadi shangazi akaniuliza kutoka chumbani kuna nini.

Asubuhi nikamwita babu, aliyekuwa nahodha ujanani mwake. Akavuta kiti, akatazama kimya kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, jahazi hili lina shehena?"

"Lina shehena, babu."

"Basi mbona laipita ngalawa?"

Nikafungua faili la klasi ya Jahazi, nikapunguza mwendo kutoka 6 hadi 3, nikaendesha tena. Majahazi yote manne yakapunguza kasi kwa pamoja, na ngalawa zikayapita moja baada ya moja. Babu akasogeza kiti karibu zaidi na kioo.