Sindano ya gunia niliyoigeuza kuwa sikio la kutafutia hitilafu

Redio ya mzee wa Msangamkuu ilikaa mezani kwangu wiki tatu. Kila alipovuka kuja Mtwara mjini na samaki wake alipitia kibandani kwangu Magomeni. Namwamkia, "Shikamoo mzee," naye anaitikia "Marahaba mjomba, haijasema tu?" Namjibu bado kidogo. Hiyo "bado kidogo" haikuwa na msingi wowote, kwa sababu sikujua redio inaumwa nini.

Taa ilikuwa inawaka, spika kimya. Nilipima kwa mita mpaka nikachoka. Betri volti 6, zinafika kwenye bodi zote sita. Kila transista, vile vipande vinavyokuza sauti, ina volti zake. Spika nikaigusisha betri ikakwaruza, nzima. Nikagusa kwa bisibisi kwenye voliumu, nisisikie mngurumo, nikajua tatizo liko kwenye amplifaya, yaani sehemu ya kukuza sauti. Lakini amplifaya ile ina transista nne na vitu vingine zaidi ya ishirini, na mita inasema vyote viko sawa. Nikafanya tunachofanya mafundi wengi tukikwama: nikaanza kubadilisha spea kwa kukisia. Transista mbili nikazitoa zikiwa nzima, nikaweka mpya, redio ikabaki vilevile.

Hilo ndilo lililoniuma. Ukikisia, mteja analipia kukisia kwako. Tena yule mzee redio kwake si ya muziki tu, anasikilizia utabiri wa hali ya hewa kabla ya kushusha ngalawa.

Mita nilivyoiweka inapima umeme uliotulia. Sauti ndani ya redio ni umeme unaotikisika, na kabla ya kukuzwa ni milivolti chache tu. Transista inaweza kuwa na volti zake zote kamili, kumbe sauti imekatikia hatua moja nyuma yake. Nilihitaji kitu cha kugusisha nukta moja baada ya nyingine nikasikia kwa masikio yangu kama sauti imefika hapo. Vifaa hivyo mafundi walikuwa navyo tangu enzi za redio za balbu. Madukani hapa mjini sikukipata, nikaamua kukijenga mwenyewe.

Moyo wake ni aisi moja ndogo ya miguu minane, LM386, yaani amplifaya nzima ndani ya kipande kimoja. Moja niliichomoa kwenye redio iliyokufa, na nyingine mbili za akiba niliagiza Kariakoo zikaja na basi. Jambo la akiba lishike, utaona mbele. Aisi hiyo peke yake inakuza sauti mara 20. Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, chanya ikiwa kwenye 1, inakuza mara 200. Mimi kapasita hiyo nimeipitisha kwenye swichi, nachagua kulingana na kazi. Sauti inaingilia mguu wa 3 kutoka kwenye voliumu ya kilo omu 10, mguu wa 2 na wa 4 inakwenda hasi, chanya ya betri inaingia wa 6, na sauti inatokea wa 5 kupitia kapasita ya maikrofaradi 220 kwenda spika ya omu 8. Usiache kuweka kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi karibu kabisa na mguu wa 6. Nilipoikosa, spika ilikuwa inapiga tu-tu-tu-tu kama boti ya mashine.

Umeme niliuanza na betri ya simu ya volti 3.7, sauti ikawa inakatikakatika. Aisi hii inataka kuanzia volti 4. Nikaweka betri nne ndogo, volti 6, mambo yakatulia. Umeme wa chaja sikuutaka, unaleta mngurumo, na mngurumo kwenye kifaa cha kusikilizia ni uongo mtupu. Kwa sababu hiyohiyo vyote nimevifunga ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga, na bati lenyewe nimeliunganisha na hasi.

Sehemu iliyonichukua muda kuliko zote ni ncha. Nilianza na msumari, ukawa mnene, unagusa miguu miwili kwa pamoja. Waya wa shaba ukapinda. Siku hiyo jirani yangu alikuwa anashona magunia ya korosho, maana msimu ulikuwa umefunguka, na nikamwona anaichomeka sindano ya gunia kwenye katani kama anachoma mkate. Nikamwomba moja. Ile sindano ni ndefu, ngumu, ncha kali, na nyuma ina tundu. Nikaisugua kwa msasa karibu na tundu mpaka weupe wake wa kung'aa ukaondoka, maana bila kufanya hivyo risasi ya kulehemu inateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Nikapitisha waya kwenye tundu, nikaukunja, nikalehemu. Umeshika kwelikweli, huwezi kuuvuta ukatoka. Halafu nikaitumbukiza sindano ndani ya ganda la kalamu ya wino, ncha imechomoza kama sentimita mbili, nikajaza gundi ya moto. Hiyo sehemu iliyochomoza nayo nimeivika ganda la waya, nikaacha kincha kidogo sana wazi. Inaingia hata katikati ya miguu ya aisi bila kugusa ya jirani.

Waya wa kutoka kwenye kalamu hadi kopo uwe wa maiki, ule wenye nyuzi za shaba zilizozunguka waya wa ndani. Nyuzi za nje zinakwenda hasi. Ukitumia waya wa kawaida utasikiliza umeme wa nyumba nzima. Pembeni inatoka waya nyingine yenye kibanio, unaibana kwenye hasi ya kifaa unachokipima.

Ndani ya kalamu niliweka kapasita iliyoandikwa 473J, ya volti 400, niliyoitoa kwenye balbu ya energy saver iliyoungua. Kapasita hiyo inazuia umeme uliotulia usiingie kwenye aisi. Nilidhani imetosha. Siku ya pili tu, kijana akaleta amplifaya ya muziki yenye volti 35 chanya na 35 hasi. Nikagusisha sindano kwenye transista kubwa ya kutolea sauti, spika yangu ikapiga "pa!" mara moja, kimya. Aisi imekufa. Kapasita inazuia umeme uliotulia, ndiyo, lakini ile sekunde ya kwanza unapogusa, inajaa kwa kishindo, na kishindo chote kinapita kwenda kwenye aisi ambayo mlango wake hauvumilii hata nusu volti.

Dawa yake ni ya bei ya chini. Baada ya kapasita niliweka rezista ya kilo omu 10, kisha daiodi mbili za 1N4148, ambazo kila moja inapitisha umeme upande mmoja tu, kwenda hasi, moja imetazama huku na nyingine kule. Kishindo chochote kinachozidi volti 0.6 zinakimwaga hasi. Hata voliumu inaanza baada ya hapo, na mimi siku zote nagusisha ncha voliumu ikiwa chini, halafu ndiyo naipandisha. Tangu hapo aisi ya pili ipo mpaka leo. Ila fahamu kwamba sauti kubwa nayo itakatwa na daiodi hizo, kwa hiyo kwenye spika za amplifaya utasikia mkwaruzo ambao si ugonjwa wa kifaa. Hapo naongeza rezista ya kilo omu 100 mbele ya ncha.

Basi nikarudi kwenye redio ya mzee. Nikabana hasi, nikafungulia stesheni ya FM, sindano nikaiweka kwenye mguu wa juu wa voliumu. Sauti hii hapa, mtangazaji anaongea kwenye kopo langu la maziwa, wazi kabisa! Mguu wa kati wa voliumu: ipo. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 inayofuata, upande wa kuingilia: ipo. Upande wa pili: kimya. Nikarudia mara tatu, ipo, kimya, ipo, kimya, mwili ukanisisimka. Nikaisukuma kapasita kwa ukucha, ikalala upande. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na chumvi chini kabisa usawa wa bodi, umeota ukijani, kwa juu umesimama kama mzima. Na ndiyo maana mita haikuona kitu: kapasita ya pale kazi yake ni kuzuia umeme uliotulia na kuruhusu sauti peke yake. Ikikatika, volti za pande zote mbili zinabaki zilezile.

Kutoka kuwasha mpaka kuona ugonjwa hazikufika dakika tano, baada ya wiki tatu. Zile transista mbili sikumtoza.

Mzee alipokuja nilikuwa nimeshaweka kapasita mpya, ila redio sikuwa nimeifunga bado. Nikaing'oa kapasita ile mpya makusudi, nikamwekea sindano pale kwenye voliumu asikie. Akainamisha sikio kwenye kopo, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe siku zote ilikuwa inasema, ila humu ndani." Nikairudishia, nikapaka bodi yote vanishi kwa ajili ya hewa ya bahari, akaondoka nayo kuwahi kivuko.

Kwa upande wa kabla ya sauti, yaani mawimbi ya redio yenyewe, nilitengeneza kalamu ya pili yenye daiodi ya jeramaniamu, inayotoa sauti ndani ya mawimbi hayo. Niliipata kwenye redio ya zamani. Ni ya kioo na ukiitazama inafanana na 1N4148, lakini kwenye mita ya daiodi inasoma kama 0.2 au 0.3, wakati ile nyingine inasoma 0.6. Kalamu hiyo nasikilizia hatua za kilohezi 455 kwenye AM, yaani masafa ya kati ambayo redio inayageuzia kila stesheni. Kapasita ya mbele iwe ndogo sana, pikofaradi 22 hivi, la sivyo sindano yenyewe inaivuruga koili na stesheni inahama. Kwenye antena usitegemee kusikia kitu, mawimbi pale ni madogo mno.

Kuna kazi nyingine niliigundua nikicheza tu: nimeunganisha kipande cha paneli ya taa ndogo ya sola mahali pa kalamu, nikielekezea rimoti ya TV na kubonyeza, nasikia trrr, trrr. Rimoti nzima inaimba, mbovu haisemi. Watu wanaleta TV nzima kwa bodaboda kutoka Mikindani, kumbe ni rimoti.

Mahali pasipo pa kuipeleka sindano hii ni upande wa umeme wa ukutani kwenye saketi za TV na chaja, penye ile kapasita kubwa. Pale pana volti zaidi ya 300, na hasi yake si hasi ya kawaida. Ukibana kibanio pale, kopo lako la bati limekuwa la umeme, na mkono wako uko juu yake. Upande huo napima kwa mita, mkono mmoja mfukoni.

Kijana ninayemfundisha ameshajenga cha kwake. Yeye kaweka jeki ya hedifoni, maana anasema kibanda kina kelele za bodaboda, na amenishinda kwa hilo. Jumamosi namwongezea jeki kwenye changu.