Chuma cha kupashia taulo, Moshono

Kwa wasioishi huku: ikifika Juni, Arusha taulo halikauki. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Meru inajifunika mawingu toka alfajiri, na huku kwetu Moshono kuna siku saa saba mchana inafika jua halijachungulia. Unaoga asubuhi, unaanika taulo bafuni, jioni unalishika bado lina ule ubichi wa kunatanata. Siku ya tatu limeanza kunuka uvundo. Na ukilifua ndiyo umejitafutia balaa jingine, maana litakauka lini? Mama mkwe akija kutoka Moshi mjini hunishangaa. Kule ni chini zaidi na joto lipo, taulo likianikwa saa nne, saa sita limekauka kau.

Kwa hiyo wifi yangu aliyeko Uingereza alipoona picha za bafu tunalomalizia, akauliza mbona hatujaweka kile chuma cha ukutani cha kupashia taulo, sikucheka. Nililifikiria kweli. Tena kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi barabara ya Sokoine nilikikuta, cha umeme, laki tatu na themanini, kinang'aa kweli kweli.

Mimi kazi yangu ni kusimamia usafi wa vyumba hotelini, hivi vikorombwezo vya bafuni navijua kwa kuvifuta vumbi. Na nawaambia, sijawahi kupokea malalamiko ya mgeni kwamba taulo halikuwa la moto. Wanalalamika maji yamepoa, shawa inatiririka kama haitaki, taulo limekwaruza. Kile chuma, pale kilipo, wanaanikia soksi walizofua kwenye sinki baada ya kutoka porini. Nimewahi pia kufanya kazi ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300, baridi ya huko ni ya kung'ata. Unajua wageni walichokuwa wanasifia? Ile chupa ya mpira ya maji ya moto tuliyokuwa tunawawekea chini ya blanketi wakiwa wanakula chakula cha jioni. Chupa ya mpira na birika, basi.

Wifi anasahau jambo moja. Kwao vyuma vingi vimeungwa kwenye mabomba yale yale yanayopasha nyumba nzima joto wakati wa baridi. Maji ya moto yanazunguka kwa ajili ya nyumba, taulo linafaidi pembeni. Sisi hatuna hayo mabomba, chuma chetu lazima kile umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia.

Hapo nikachukua kalamu. Vingi vya umeme vinatumia wati 60 hadi 150, tuseme 100. Ukikiacha kinawaka usiku na mchana ni uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Walio kwenye ule mpango wa matumizi madogo, wa uniti 75 kwa mwezi, kinakaribia kuzila zote peke yake. Kwa sisi wengine ambao umeme wa 10,000 unatupa uniti kama 28, ni zaidi ya 25,000 kila mwezi. Ila ukiweka taima, kiwake kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili nyingine jioni, inashuka hadi uniti 12, kwenye 4,300 hivi. Hiyo si pesa ya kumtisha mtu mwenye hita ya shawa. Hita ya kilowati 5.5 ukioga dakika kumi imekula karibu uniti nzima, na kwangu tunaoga watu wanne.

Kwa hiyo bili siyo iliyonirudisha nyuma. Nilirudishwa nyuma na fundi. Kijana mzuri, mchapakazi, nilipomtajia akasema, "Mama, hiyo tunachukua tu kwenye waya wa hita, dakika kumi nimemaliza." Nikamwambia mwanangu, hapana. Chuma kitupu, ukuta umelowa, mtu ameshika akiwa peku na maji yanamchuruzika! Kitu hicho kinataka waya wake, ethi ya uhakika iliyopimwa, na ile breka inayokata umeme mara tu unapovuja, na swichi iwe nje ya bafu. Ukijumlisha vifaa na ufundi, laki tatu na themanini inakuwa mwanzo tu.

Halafu kuna mvuke. Chuma hakiyapotezi maji ya taulo, kinayarusha hewani. Bafu langu lina kidirisha kimoja cha luva na dari ya jipsamu. Bila ventileta, ile feni ya kutolea hewa nje, maji yaliyokuwa kwenye taulo yanahamia darini, na Agosti una ukungu mweusi kwenye kona. Na kinakausha pale tu taulo linapokigusa. Ukilikunja mara nne, katikati linabaki bichi vile vile. Hilo nimeliona hotelini mara nyingi mno.

Nilichofanya ni hiki. Badala ya misumari mitatu nyuma ya mlango nimeweka fito mbili ndefu za chuma cha kawaida, taulo linatandazwa lote. Nimenunua ventileta ndogo. Na nimeachana na yale mataulo mazito ya mtumba ya soko la Kilombero hapa Arusha ambayo sote tunayapenda kwa unene wake. Hotelini tunapima taulo kwa gramu kwa mita ya mraba: 600 ndilo la kifahari, 400 ni jepesi. Nyumbani, msimu wa baridi, ni 400 tu. Linakauka mapema zaidi, na likifuliwa halimvunji mtu mgongo. Mwenyewe nikitoka kuoga najifunga kanga kwanza, inafyonza maji ya mwanzo na kukauka kabla sijarudi kutoka kazini.

Nikiulizwa nani anunue chuma hicho, ningesema mwenye mtoto mchanga, au anayeishi na mzee ambaye viungo vinamkaza asubuhi. Mama mkwe akihamia kwetu, kama tunavyoongea, nitakiweka bila kubishana, kwa waya wake na taima yake. Wengine wenye laki nne mkononi waangalie kwanza presha ya maji. Tanki likiwa chini hita haiwaki, na hapo taulo la moto halikusaidii kitu.

Kwenye bajeti yetu imebaki kama elfu sitini. Baba watoto anataka kioo chenye taa, mimi nataka kigoda cha kukalia wakati wa kusugua miguu. Bado tunavutana.