Jinsi Skuli Yetu Ilivyofaulu Ukaguzi wa Ubora Licha ya Boksi Faili

Mtu akikuambia kwamba maandalizi ya ukaguzi wa ubora wa chuo kikuu huanza kwa kununua boksi faili, mshukuru kwa heshima zote, kisha hakikisha haalikwi kwenye kikao kinachofuata. Nasema hivyo kwa sababu nilipoteuliwa kuwa mratibu wa udhibiti ubora katika skuli yetu, ndani ya chuo kikuu kimoja cha umma nchini Tanzania ambacho sitakitaja, ushauri huo ndio uliotangulia mwingine wote, na ulitolewa na watu wanaonizidi vyeo. Wengine walitaka tupake rangi ukuta wa mbele, tuwakaririshe wanafunzi majibu, na tuandike mihtasari ya vikao ambavyo havikuwahi kufanyika kwa kurudisha tarehe nyuma. Huo wa mwisho niliukataa mbele ya watu, kwanza kwa kuwa ni kughushi, na pili kwa kuwa hauna hata akili: anayetunga muhtasari wa kikao cha miaka miwili iliyopita hakosi kuorodhesha miongoni mwa waliohudhuria mhadhiri ambaye wakati huo alikuwa masomoni ng'ambo, na barua yake ya ruhusa imo kwenye jalada lake binafsi, ikimsubiri yeyote atakayetaka kuisoma.

Hofu iliyozaa ushauri huo naielewa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005, si chombo cha kubembelezwa, na watu wa vyuoni hawajasahau mwaka 2017, ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18 baada ya kukagua ubora wake. Hata hivyo, ukaguzi uliokuwa unatujia sisi haukuwa wa kufungia mtu. Ulikuwa wa namna inayoelezwa katika miongozo ya Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala, ambayo iliandaliwa kwa ushirikiano na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma. Chini ya utaratibu huo, wahusika hujitathmini kwanza wao wenyewe kwa maandishi, kisha jopo la wanataaluma kutoka nje huja kulinganisha yaliyoandikwa na yaliyopo. Nililirudia jambo hili katika kila kikao hadi watu wakanichoka, kwa sababu ukilishika, unaona mara moja kwamba anayejisifu kwenye taarifa ya tathmini ya ndani anajichimbia shimo mwenyewe.

Miongozo hiyo hupima kila kipengele kwa alama kuanzia 1 hadi 7, na alama 4 maana yake ni kwamba jambo linatosha kama inavyotarajiwa. Kamati yetu ilipoketi mara ya kwanza, ilijigawia alama 6 kwa moyo mkunjufu kuanzia mtaala hadi vyoo. Nilimwuliza mjumbe mmoja, kwa adabu, kama anaweza kunitajia chuo kilichowahi kuja kujifunza kutoka kwetu namna ya kuendesha vyoo, maana 6 ni alama ya jambo ambalo wengine wanaweza kuliiga. Akacheka, tukashuka hadi 3, na kuanzia hapo kazi ikawa rahisi kidogo.

Sasa nirudi kwenye boksi faili, kwa sababu kisa hicho nimekisimulia mara nyingi na bado hakijanichosha. Uongozi ulimleta mshauri elekezi, mtu mtanashati mwenye kompyuta mpakato mbili, ambaye malipo yake yangenunua mashine nzuri ya kunakilia na fedha ikabaki. Mshauri huyo aliagiza kila kigezo cha ubora kiwe na boksi faili lake, lenye rangi yake na lebo iliyochapishwa, na ndani yake uwekwe ushahidi. Makatibu muhtasi walihangaika kunakili nyaraka hadi wino ukatuishia katikati ya msimu wa mitihani. Mwishowe kabati la chumba cha mikutano lilijaa kuanzia juu hadi chini, rangi zimepangwa kwa zamu, na nakiri kwamba lilipendeza. Amidi wetu, yaani mkuu wa skuli, alikuwa akiwaleta wageni kuliangalia, kama vile vikombe vya kabati la sebuleni ambavyo havijawahi kunywewa chai.

Mimi niliomba jambo moja tu, kwamba kabla ya jopo halisi kufika tufanyiwe ukaguzi wa majaribio na profesa mmoja mstaafu ambaye aliwahi kuketi kwenye majopo ya namna hiyo. Alifika asubuhi, akanywa maji, akalitazama kabati bila kuligusa, kisha akauliza swali moja kwa upole: "Ndugu zangu, nionyesheni maoni ya mtahini wenu wa nje wa mwaka juzi, halafu nionyesheni mlichokifanya baada ya kuyasoma."

Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba chumba kilibadilika. Mkuu mmoja wa idara alisimama na kufungua boksi la kijani, lililohusu upimaji wa wanafunzi, akaipata ripoti ya mtahini, yaani mwanataaluma wa chuo kingine anayealikwa kuikagua mitihani yetu. Mwenzake alifungua la bluu, lililohusu mtaala, akaipata ripoti ileile. Katika boksi la njano, lililohusu wadau, ilikuwemo pia, tena nakala yake safi kuliko zote. Majibu ya idara hayakuwemo katika rangi yoyote. Profesa akaomba ripoti za miaka iliyotangulia, nazo, kwa bahati mbaya au nzuri, zilikuwepo. Akazilaza mezani bega kwa bega, akatusomea aya moja kutoka kila ripoti. Watahini tofauti walikuwa wameandika mwaka baada ya mwaka, kwa maneno yanayokaribiana sana, kwamba maswali yetu ya mtihani wa mwaka wa tatu yanapima kukariri ilhali mtaala unadai uchambuzi. Sisi tulikuwa tumewalipa, tumewakirimu samaki, tumewapeleka uwanja wa ndege, na ripoti zao tumezifungia kwenye jalada. Mshauri elekezi alikumbuka ghafla kwamba ana kikao kingine mjini.

Kutokana na swali lile nikaibuni mbinu ambayo ndiyo iliyotuokoa, na ambayo najivunia kwa kuwa haikutugharimu chochote zaidi ya jasho na soda kadhaa. Niliacha kabisa kuuliza "ushahidi wa kigezo hiki uko wapi?" na badala yake nikachagua wanafunzi wachache waliokwisha kuhitimu, nikafuatilia nyaraka zao tangu matokeo ya kidato cha sita hadi hati ya matokeo ya chuo. Sikuchagua waliosoma bila misukosuko, maana mwanafunzi wa hivyo hakuonyeshi lolote. Nilimchagua aliyehamia kutoka chuo kingine, aliyeahirisha masomo kwa ugonjwa, aliyerudia somo, na aliyekata rufaa ya matokeo. Majina niliyaficha kwa namba, kwa sababu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na sikutaka kamati nzima ijue nani aliugua nini. Ukitaka kuiga mbinu hii, anza na mwanafunzi aliyehamia; huyo peke yake atakufungulia nusu ya madhaifu ya ofisi zako.

Msaidizi wangu mkubwa hakuwa profesa yeyote, bali mama wa masijala, ambaye hakuwahi kualikwa kwenye kamati hata siku moja. Nilipomweleza ninachotafuta, alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwanangu, hayo yote ninayo, ila hakuna aliyeniuliza." Kumbe alikuwa na daftari la mkono linaloonyesha kila jalada lilitoka lini, lilikwenda kwa nani, na lilirudi au halikurudi. Daftari hilo lilikuwa na thamani kuliko kabati zima la rangi.

Tuliyoyakuta yalikuwa ya kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Barua ya yule mwanafunzi aliyekata rufaa ilipokewa, ikagongwa muhuri, ikapewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na pembeni yake mkubwa mmoja akaandika "Ifanyiwe kazi" na kutia saini. Mkubwa wa pili akaandika chini yake "Nakubaliana, ifanyiwe kazi haraka." Baada ya hapo jalada lilikuwa kimya, lakini alama za mwanafunzi zilikuwa zimebadilika kwenye mfumo, na ilituchukua muda mrefu kupata uamuzi wa kamati ya mitihani uliohalalisha mabadiliko hayo, kwa sababu ulihifadhiwa kwenye jalada la ununuzi wa viti. Kwa mwanafunzi aliyehamia, tuligundua kwamba somo moja lilikuwa na krediti 8 kwenye mtaala na krediti 12 kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Si jambo dogo hilo. Nchini kwetu krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360, kwa hiyo tofauti ya krediti 4 ni saa 40 ambazo zilionekana kwenye karatasi lakini hakuna aliyezifundisha wala kuzisoma. Suala hilo tulilipeleka kwenye vikao vinavyostahili, likarekebishwa kwa idhini ya Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni, na tuliliandika wazi kwenye taarifa yetu ya tathmini ya ndani, ingawa baadhi ya wenzangu walinisihi nilimeze.

Kuhusu maoni ya watahini wa nje, tulitengeneza jedwali moja lenye hoja, mhusika, tarehe ya mwisho na hali ya utekelezaji, na tukaliingiza kwenye ajenda ya yatokanayo katika kila kikao cha idara, ili lisiwe hati ya pembeni. Hoja isiyojibiwa inarudi kikao kijacho na jina la mhusika likiwa kando yake. Nimeona wahadhiri waandamizi wakijibu hoja usiku wa kuamkia kikao ili tu majina yao yasisomwe kikaoni.

Upande wa utawala sikuuwekea maneno mengi kwa sababu matatizo yake yanafanana kila mahali: vizima moto vilivyopitwa na tarehe, vifaa vya maabara vinavyoonekana kwenye leja ya boharia lakini havipo rafuni, na mgawanyo wa vipindi ambao mhadhiri msaidizi anabeba mzigo wa watu wawili. Nitasema tu kwamba usiwasahau wahudumu na madereva, maana jopo hukutana na watumishi waendeshaji peke yao, na maswali yake huwa ya moja kwa moja.

Wanafunzi pia huhojiwa bila mwalimu yeyote kuwepo, na hapo ndipo ushauri wa kuwakaririsha ulipofufuka siku chache kabla ya ukaguzi. Niliupinga kwa sauti ambayo huwa siitumii ofisini. Badala yake nilikwenda kuwasikiliza viongozi wao, na malalamiko yao yote yalikuwa ya aina moja: wanajaza dodoso la kuwatathmini wahadhiri kila semista na hawajui linakwenda wapi. Tukabandika ubaoni ukurasa mmoja unaotaja hoja zao kuu na jibu la skuli kwa kila hoja, pamoja na mbili ambazo jibu lake lilikuwa kwamba hatuna fedha. Wanafunzi, nilivyoambiwa baadaye na mjumbe wa jopo, waliusifu ukurasa ule kwa sababu ya majibu hayo mawili.

Jopo lilipofika, halikuligusa kabati la boksi faili. Mwenyekiti wake, mama mmoja mpole sana ambaye upole wake ulinitia wasiwasi, aliomba orodha ya wahitimu, akaweka kalamu kwenye majina kadhaa bila kufuata mpangilio wowote, akataka majalada yao. Mmoja wao alikuwa amehamia kutoka chuo kingine, na hakuwa yule niliyemfuatilia. Mama wa masijala alilileta jalada kabla chai haijapoa, likiwa na barua ya uhamisho, ulinganisho wa masomo, idhini ya idara na folio zote kwa utaratibu wake, kwa sababu baada ya zoezi letu alikuwa ameyapitia majalada yote ya waliohamia bila kuagizwa na mtu.

Kwenye mrejesho wa mwisho jopo lilitupa alama 4 katika sehemu kubwa ya vipengele, 3 katika mgawanyo wa vipindi na vyumba vya ofisi, na 6 katika ufuatiliaji wa maoni ya watahini wa nje. Vyoo, kwa taarifa ya yule mjumbe wa kamati, vilipata 3 ileile tuliyojipa. Amidi aliniuliza pembeni kwa nini hatukupata 7 hata moja, nikamjibu, "Profesa, hata hiyo 6 mwaka jana ingekuwa 2," akanyamaza.

Mapendekezo ya jopo yameingizwa kwenye jedwali lilelile, na mengi yamefungwa. La vyumba vya ofisi bado liko wazi, kwa kuwa linaitegemea menejimenti na bajeti ya maendeleo, na kila kikao cha robo mwaka nalisoma kwa sauti pamoja na tarehe yake iliyopita.