Usiku wa tatu baada ya upasuaji wa ngiri

Siku mbili za kwanza nilijiona shujaa. Usiku wa tatu ndio ulionitia adabu.

Nililala chali, macho makavu, nikisubiri kidonda cha kinenani kichome. Kikichoma nashtuka, nikishtuka tumbo linakaza, tumbo likikaza linavuta mshono, kinachoma tena. Saa nane nikagundua nimeyauma meno hata taya linaniuma kushinda kidonda chenyewe.

Muuguzi alinifundisha kupumua kabla sijaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilimwitikia kwa heshima tu; moyoni nikasema, mtu kapasuliwa halafu anaambiwa apumue! Lakini dawa nilishameza na saa ya dozi nyingine ilikuwa bado. Nikajaribu.

Mto chini ya magoti, ili tumbo lilegee. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Navuta hewa puani nikihesabu hadi nne, na mkono wa tumboni ndio unaoinuka. Kisha naitoa mdomoni hadi sita, midomo nimeibana kama ninayepiga mluzi usio na sauti. Kazi kubwa iko kwenye kutoa: pumzi ikitoka polepole, moyo nao unapunguza mbio. Kufikia mara ya sita mabega yalikuwa yameshuka, nami sikujua kama yalikuwa yamepanda.

Zoezi la pili nililiharibu mwenyewe. Ni lile la kukaza misuli sekunde chache kisha kuiachia, fungu kwa fungu, ambalo asili yake ni daktari Mmarekani Edmund Jacobson, karne iliyopita. Nilianza na nyayo, nikaja mapajani, nikapitiliza hadi tumboni. Lo! Ukelele wangu ukamwamsha mke wangu.

"Nini tena, mume wangu?"

"Najituliza."

Tangu hapo tumbo na mapaja nayaruka. Nakaza ngumi, mabega na uso tu, basi.

Maumivu hayakuondoka, na dawa niliendelea kuzimeza kwa saa zake. Kilichopungua ni kule kuyaongezea. Hata kuinuka kitandani nilijifunza upya: nageukia ubavu, mto nimeukandamiza kwenye kidonda, nainuka huku natoa pumzi. Kukohoa vilevile, mto kwanza. Hili la mto ningeambiwa siku ya kwanza!

Hofu ilikuwa na ukaidi wake. Kila kitu kikinifinya nilidhani mshono umefumuka. Nikajiwekea desturi ya kukikagua kidonda asubuhi, kwenye mwanga: uvimbe umezidi? Wekundu umesambaa? Kuna usaha, au nina homa? Jibu likiwa ndiyo, hapo ni kumpigia daktari, mambo ya kupumua baadaye. Likiwa hapana, usiku nikishtuka najikumbusha kwamba nilishaangalia.

Usiku wa sita nilihesabu pumzi hadi ya kumi na moja. Ya kumi na mbili siikumbuki.