Bandari iliyokimbiwa na maji

Swali lililonifanya nibomoe kazi ya wiki tatu lilikuwa fupi tu. Rafiki yangu, ambaye tumekuwa tukibadilishana bustani za burudani tunazozijenga kwenye gemu ya Planet Coaster tangu ilipotoka mwaka 2016, alifungua faili langu, akazungusha kamera mara mbili tatu juu ya eneo jipya, kisha akaniandikia: "Mbona nasikia mawimbi na maji siyaoni?"

Maji hayakuwepo kwa makusudi. Wazo langu tangu mwanzo lilikuwa bandari iliyokimbiwa na bahari. Nilikuwa nimeziona picha za Moynaq, mji wa Uzbekistan uliokuwa bandari ya wavuvi kwenye Bahari ya Aral. Mito miwili iliyoilisha bahari hiyo, Amu Darya na Syr Darya, ilichepushwa ikamwagilie mashamba ya pamba, na kuanzia miaka ya 1960 maji yakawa yanarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Sasa yako zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Meli zimebaki zimekaa mchangani na kutu yake, omo zikielekea upande usio na kitu. Sikutaka kuijenga Moynaq yenyewe. Ule ni mji wa watu waliopokonywa riziki, na singependa kuutandikia reli za kuchezea. Nilichotaka ni ule mshtuko wa kukuta chombo kikubwa mahali ambapo hakiwezi kuelea.

Lakini toleo la kwanza nililijaza kila kitu kinachonukia chumvi. Nanga, mapipa, makasha, nyavu, maboya, bendera, usukani uliotundikwa ukutani, hata kasuku wa mbao juu ya mlango. Na sauti ya mawimbi, kwa sababu bandari ina mawimbi. Kila kipande ukikitazama peke yake kilipendeza. Vyote pamoja vilikuwa stoo ya vitu vya baharini, na mgeni akipita pale angejua tu kwamba "hapa ni mambo ya bahari", basi. Rafiki yangu aligusa mahali penyewe. Nilikuwa nimechagua aina ya vitu, sikuwa nimeamua nini kilitokea.

Nikarudi mezani na swali moja, nikaliandika kwenye karatasi iliyo chini ya skrini hadi leo: hiki kiliwekwa maji yakiwepo, au baada ya maji kuondoka? Kitu kisicho na jibu kinafutwa. Kasuku akaenda. Usukani wa ukutani ukaenda, bendera zote zikaenda. Makasha yalibaki machache, tena yale tu yaliyogeuzwa kuwa benchi na watu waliobaki.

Swali hilo halikunipunguzia vitu tu, lilinipa vingine ambavyo nisingevifikiria. Chukua ngazi. Magati mengi yana ngazi ya chuma inayoshuka majini, na ngazi hiyo haihitaji kufika chini kabisa kwa sababu mashua hupandishwa na maji. Maji yakiondoka, ngazi inaishia hewani, mita tano sita juu ya mchanga. Sasa mtu anayetaka kushuka afanyeje? Anaunga. Basi kila ngazi ya gati langu ni ya chuma kwa juu, imepigiliwa vizuri, na kwa chini ni mbao zilizofungwa kwa kamba, hazilingani, nyingine imepinda. Kipande cha juu kiliwekwa maji yakiwepo, cha chini baada ya maji kuondoka. Mahali vinapokutana ndipo hadithi yote ilipo, na hakuna kibao hata kimoja kinachoieleza.

Kilichoshikamanisha eneo zima, hata hivyo, ni mstari wa maji.

Nilianza upya na ardhi. Nilichimba bonde linaloteremka taratibu kutoka ukingoni mwa gati hadi kina cha mita 10. Upande wa mbali, ambako bahari ingefunguka, nilipandisha tuta la muda, maana kwenye gemu hii maji hayakai mahali palipo wazi, yanataka bonde lililofungwa. Njia za wageni sikuweka, reli sikuweka. Nilisimamisha nguzo za gati, kuta za mabohari mawili, kitako cha mnara wa taa na meli tatu. Kisha nikashika zana ya maji nikajaza bonde hadi chini kidogo ya sakafu ya gati.

Meli zote tatu zikazama, kwa sababu nilikuwa nimezilaza chini. Nikazinyanyua moja moja mpaka zikaelea inavyopasa. Nikakaa nikitazama. Ilikuwa asubuhi ndani ya gemu, jua limeinama, na kwa dakika kama ishirini niliyoiona ilikuwa bandari nzima, hai, imejaa. Kisha nikazunguka kila ukuta na kila nguzo, nikapachika kipande chembamba pale maji yalipogusa. Nikayaondoa maji. Nikabomoa tuta.

Maji hayana kilima. Kwa hiyo alama zote zilikuwa usawa mmoja huku ardhi ikiteremka chini yake, na hiyo ndiyo siri ninayotaka kumwambia kila anayejenga eneo la namna hii. Mgeni akiingia kutoka langoni anaukuta mstari kwenye kifundo cha mguu. Haoni chochote cha ajabu, ni rangi imebadilika tu ukutani. Anateremka. Mstari unafika magotini, kiunoni, kifuani. Anaupita usawa wa macho karibu na bohari la pili, na kuanzia hapo uko juu yake. Akifika chini kabisa, penye meli kubwa, mstari uko mita tisa na ushee juu ya mchanga anaokanyaga, umechorwa kwenye nguzo za gati kama kovu. Yuko sakafuni mwa bahari na ameshuka kwa miguu yake mwenyewe.

Chini ya mstari, kuta ni nyeupe za chumvi zenye madoa ya kijani kilichokufa, na zina chaza. Gemu haikuwa na chaza nilizozitaka, hivyo nilichukua mawe madogo kabisa nikayachimbia ukutani hadi vikabaki vichwa tu. Yako zaidi ya 900. Juu ya mstari ni rangi ya zamani ya buluu iliyopauka.

Kwenye meli nilikosea, na kosa lenyewe lilinifundisha. Nilichora mstari uleule wa bandari kwenye ubavu wa kila meli, kwa usawa uleule, na kila nilipotazama kulikuwa na jambo linanikera nisilolijua. Siku ya pili ndipo nikaelewa. Nguzo haielei, lakini chombo huelea. Mstari wa meli ni wa meli yenyewe. Maji yakishuka, meli hushuka nayo, na ikilala ubavu mstari hulala pamoja nayo. Nikaufuta, nikachora upya kwa kufuata mkao wa kila chombo. Sasa meli kubwa iliyoinama upande ina mstari ulioinama, na nyuma yake nguzo zina mstari ulionyooka. Ni mistari hiyo miwili isiyokubaliana inayomfanya mtu aione meli kuwa nzito.

Rolakosta, lile treni la burudani linalopanda na kushuka kwa kasi, ilinigharimu usingizi. Ya kwanza ilikuwa na mlima wa mita 48, ilionekana kutoka kila pembe ya bustani, na chini yake meli zangu zikawa vidude vya kuchezea bafuni. Nilikumbuka Nemesis, rolakosta ya bustani ya Alton Towers, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1994. Pale hawaruhusiwi kujenga kitu kinachopita vilele vya miti, kwa hiyo walichimba mwamba na kuishusha reli mashimoni. Watu bado wanaisifu. Nikaamua reli yangu isipite kibaraza cha mnara wa taa, na mshuko mkubwa uanzie usawa wa gati kwenda chini. Treni linapenya katikati ya mataruma ya meli iliyobomoka ubavu, linazunguka nguzo, linapita futi chache kando ya njia ya wanaotembea. Hilo la mwisho nimejifunza kwa Taron, rolakosta ya bustani ya Phantasialand, Ujerumani, ya mwaka 2016: inakwenda kilomita 117 kwa saa, lakini watu wanakikumbuka zaidi Klugheim, kijiji cha kuigiza inamopita, kwa sababu reli imesukwa ndani ya majabali na nyumba hata huwezi kusema kipi kilitangulia. Alama ya msisimko ambayo gemu huipa rolakosta yangu ilishuka kidogo kwa kukata mlima ule. Sijutii. Namba hiyo inapima reli, haipimi mahali.

Vyoo viko ndani ya bohari la nyavu na duka la vinywaji liko kwenye chumba cha nahodha wa meli ndogo. Vibanda hivi havikunisumbua, swali la karatasini lilivijibu kwa dakika chache.

Rangi nazo nilizibana. Kutu, buluu iliyopauka, nyeupe ya chumvi, mchanga. Nyekundu niliiwekea masharti: iwe kwa kitu kinachoongoza njia tu. Maboya matatu yaliyolala mchangani kuelekea lango la foleni ni mekundu. Mlango wa mnara wa taa ni mwekundu. Hakuna kingine. Wageni wa gemu hawajali rangi, wanafuata njia, lakini mtu anayeitembelea bustani yangu kwa kamera hufuata maboya yale bila kuambiwa, nimeona kwenye video za wawili watatu walioipakua.

Kati ya bandari na eneo la jirani, ambalo ni msitu wa theluji, nimeweka ujia wa mita 16 unaopita ndani ya bohari. Disneyland iliyofunguliwa mwaka 1955 ilizungushiwa tuta la udongo ili mtu aliye ndani asiuone mji wa nje, na mantiki ni ileile: macho yapewe giza kidogo kabla ya kupewa kitu kipya. Sakafu inaanza kwa mawe, inageuka mbao, halafu mbao zenye mchanga kwenye nyufa. Ukitoka upande wa pili, unaona mnara wa taa moja kwa moja mbele yako.

Mnara huo una mita 26 na unaonekana zaidi ya hapo. Kasri la Disneyland lina mita 23 hivi tu, na mawe yake yanapungua ukubwa kadiri yanavyopanda ili jicho lidhani kilele kiko mbali. Planet Coaster ya kwanza haina namna ya kupunguza kipande, kwa hiyo nilitafuta madirisha ya saizi tatu kutoka seti mbalimbali, nikayapaka rangi moja, makubwa chini na madogo juu. Ilichukua jioni nzima kupata matatu yanayofanana umbo.

Sauti za mawimbi nilizitoa zote. Niliingiza faili la upepo, mlio wa mnyororo unaogonga chuma kwa kuvizia, na bati linalotikisika. Karibu na meli kubwa hata upepo nimeupunguza, ili kwa sekunde kadhaa pasisikike kitu kabla treni halijapita.

Taa za usiku ndizo zimenichelewesha wiki hii. Nilijaribu mwanga wa buluu chini ya mstari, ukapendeza sana, nikauondoa. Mwanga wa buluu ni wa maji, na maji hayapo. Sasa chini kule kuna taa za kandili tu, zimetundikwa na watu waliobaki, kila moja mahali ambapo mtu angeweza kufika kwa ngazi ya kuungaunga.

Imebaki taa ya mnara wenyewe. Nilijiuliza siku mbili kama iwake, maana hakuna meli ya kuiongoza. Kwa lile swali langu, taa inaangukia pande zote mbili: mnara ulijengwa maji yakiwepo, lakini kuwashwa kwake usiku wa leo ni kwa baada ya maji kuondoka, na hilo linataka mtu. Nimeiwasha. Nikaenda mlangoni, ule mwekundu, nikaunga baiskeli kwa vipande 19 vya bomba na duara, nikaiegemeza ukutani. Magurudumu yana mchanga. Kuanzia baiskeli hadi njia kuu nimechora mfereji mwembamba wa tairi, mmoja wa kuja na mmoja wa kurudi, na sehemu fulani inakatiza mstari wa maboya kwa sababu mtu anayepita kila siku hupata njia ya mkato.