Leo Tuko na Mama au Mzee?

Hilo ndilo swali la kwanza kila asubuhi kwenye korido za mahakama za Milimani, Nairobi, hata kabla ya chai: jaji wetu ni mwanamke au mwanamume? Mwaka wa kumi na moja sasa mimi ni karani wa wakili, nabeba mafaili ya mirathi na talaka. Wenzangu wana imani moja: ukipata jaji mwanamke, mjane na mabinti wamepona. Ukipata mwanamume, omba Mungu.

Siwacheki. Kenya ilipata jaji wa kwanza mwanamke, Effie Owuor, mwaka 1982, na Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke, Martha Koome, ikamsubiri hadi 2021.

Nami niliamini hivyo hivyo, mpaka nilipotumwa kutoa nakala ya hukumu ya Rono. Mzee alifariki akaacha wajane wawili, wana, mabinti na shamba kubwa. Mahakama Kuu ikawakatia mabinti kipande kidogo kuliko cha kaka zao, kwamba wao wanaweza kuolewa. Jaji alikuwa mwanamke! Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikawapa mabinti sawa na kaka zao. Majaji watatu, wanaume watupu. Niliisoma palepale penye mashine, karatasi zingali moto.

Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa Marekani wa mwaka 2010. Katika kesi za ubaguzi wa kijinsia, jaji mwanamume akikaa jopo moja na mwanamke, huelekea zaidi kumpa mlalamikaji haki. Kesi za aina nyingine, tofauti karibu haipo. Sasa, Mahakama Kuu kwa kawaida jaji huketi peke yake. Nani atamgusa kiwiko?

Majuzi tulikuwa mbele ya jaji mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe (mambo madogo nimeyabadilisha). Mteja wetu, mke, anadai sehemu ya shamba; wakili wa mume anang'ang'ania hana hata risiti moja. Mzee akavua miwani.

"Ng'ombe walikuwa wangapi?"

"Wanne, Mheshimiwa."

"Nani alikuwa anakamua?"

"Mimi. Saa kumi alfajiri."

"Na maziwa yakipelekwa na nani?"

Mke akaonyesha bega lake la kulia. Mzee akaandika, akaandika tena. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaihesabu kazi ya shambani kuwa mchango, ila lazima mtu akumbuke kuiulizia.

Hukumu ni mwezi ujao. Mwenzangu mmoja ameshatuhesabu tumeshindwa, kisa ndevu.