Majibu ya maabara ya mbwa wangu
Kwa miezi miwili mbwa wangu alikuwa akijikuna usiku kucha, na vipele vya usaha tumboni mwake vilirudi kila alipomaliza dozi ya sefaleksini, dawa ya kuua bakteria, niliyoinunua hapa Tabora mjini bila kipimo chochote, jambo ambalo leo ninalikiri kuwa kosa langu mwenyewe. Daktari wa mifugo alitoboa kipele kipya kwa sindano na kuchukua usaha kwa pamba safi, kwa kuwa ukisugua ngozi juu juu utaokota vijidudu visivyohusika.

Maabara ilipouotesha usaha huo katika nyuzijoto 35, alipatikana Staphylococcus pseudintermedius, bakteria anayeishi kwa kawaida kwenye ngozi na pua za mbwa. Kilichonivutia zaidi ni kipimo cha usugu: vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa huwekwa juu ya bakteria waliopandwa kwenye sahani, na eneo tupu, yaani pale dawa ilipozuia bakteria kuota, linalojitokeza kuzunguka kila kipande hupimwa kwa milimita. Kwa bakteria huyu hutumika karatasi ya oksasilini, dawa ya jamii ya penisilini; ile ya sefoksitini, dawa ya jamii ya sefaleksini inayotegemewa kupima stafilokokasi (bakteria wa kundi hili) wa binadamu, huweza kumwonyesha bakteria sugu kana kwamba si sugu. Karatasi ya oksasilini ya mbwa wangu haikuwa na eneo tupu hata kidogo, maana yake penisilini na jamii ya sefaleksini hazingemfaa kitu.

Sasa tunamwogesha kwa shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, na watoto wananung'unika kwa sababu nimewaamuru wanawe mikono kila wamshikapo.